Jani na neno: jinsi ya kusawazisha alama na herufi za nembo kwa kutumia gridi

Nembo nyingi ninazoletewa na vijana wanaoanza kazi hii zina tatizo moja: alama na maandishi hayajuani. Alama imechorwa kivyake, labda ni mlima, jiko au suke la mahindi. Kisha mchoraji amefungua orodha ya fonti, akachagua iliyompendeza, akaandika jina na kulivuta hadi likatoshea kando ya alama. Kila kimoja kizuri kikiwa peke yake. Vikikaa pamoja jicho linahangaika: alama imekuwa nzito, jina linaelea, na pengo la katikati halieleweki kama liliachwa kwa makusudi au kwa bahati. Mteja naye hawezi kusema kasoro iko wapi. Anasema "ongeza kidogo", "punguza kidogo", na siku tatu zinapotea hivyo.

Gridi, yaani mistari iliyopangwa kuwa miraba ya kipimo kimoja, inatibu hali hiyo, ila si kwa namna wengi wanavyoitumia. Kutandaza mistari na maduara juu ya nembo iliyokwisha kuchorwa, ili ionekane ya kitaalamu mbele ya mteja, hakusawazishi chochote. Kazi ya gridi ni kuzipa alama na herufi kipimo kimoja tangu siku ya kwanza. Baadaye jicho litakapolalamika, na lazima litalalamika, gridi itakuonyesha umeondoka pikseli ngapi kutoka kwenye kipimo hicho.

Tutajenga nembo moja hapa, kuanzia penseli hadi ukutani. Jina ni TAWI na alama yake ni jani. Ni neno la mazoezi tu, lakini nimelichagua kwa sababu ni gumu. Kiswahili kinapenda kufuatisha konsonanti na a, kwa hiyo majina yetu yamejaa TA, WA, VA, YA, PA na FA. Hizo ndizo jozi za herufi zinazoacha mapengo mabaya kuliko zote. Anayeweza kuipanga TAWI vizuri hatasumbuliwa na KAHAWA wala WATOTO.

Utahitaji daftari la hesabu lenye miraba na programu ya kuchora michoro ya vekta, ile inayoweza kukuzwa bila kuharibika. Natumia Inkscape kwa sababu ni ya bure na inaenda hata kwenye kompyuta ya wastani. Ukitumia programu nyingine, vipimo ni vilevile.

Hatua ya 1: Penseli

Chora jani na neno mara 10 au 15 kwenye daftari, haraka, bila rula. Hapa unaamua mambo mawili tu: jani likae kushoto kwa neno au juu yake, na lipi kati ya jani na neno lionekane kwanza. Kwa biashara ambayo haijajulikana, mimi hutaka jina lisomeke kwanza. Nike au Apple zinaweza kusimama kwa alama tupu kwa sababu watu wamezizoea kwa miongo mingi. Duka lililofunguliwa mwezi uliopita haliwezi.

Hatua ya 2: Tafuta kipimo ndani ya herufi

Watu wengi huanza na gridi yoyote, labda pikseli 10 kwa 10 kwa kuwa ni namba rahisi, kisha wanalazimisha kila kitu kiingie humo. Anza na herufi. Tazama I kubwa: ni mstari mmoja uliosimama. Nauita nguzo, na unene wa nguzo ndio utakuwa kipimo cha nembo nzima.

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ni uwiano kati ya unene wa nguzo na kimo cha herufi. Edward Johnston, aliyechora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London mwaka 1916, alifanya unene kuwa sehemu moja ya saba ya kimo. Zinasomeka vizuri kwenye kibao cha stesheni mpaka leo. Kwa nembo itakayochapwa kwenye mifuko na fulana nataka nguzo nene zaidi, kwa hiyo tutachukua moja ya tano: nguzo pikseli 12, kimo cha herufi pikseli 60.

Fungua waraka mpya, bonyeza Ctrl+Shift+D, nenda kwenye sehemu ya gridi na utengeneze gridi ya mraba yenye umbali wa 12 kwa mlalo na 12 kwa wima. Hakikisha kizio ni pikseli, si milimita. Alama ya # kwenye kibodi huwasha na kuzima gridi, na % huwasha na kuzima mnaso, ule unaofanya umbo lijishike kwenye mistari. Utazibonyeza mara nyingi sana.

Sasa una miraba ambayo kila mmoja una upana wa nguzo moja. Herufi zina kimo cha miraba 5. Jani nimelipa kimo cha miraba 8 na upana wa miraba 6, yaani pikseli 96 kwa 72. Kwa nini 8? Kwa sababu jani lina ncha. Umbo lenye ncha huonekana fupi kuliko mraba wa kimo kilekile, na lingekuwa na miraba 5 kama herufi, lingesinyaa kando ya T. Ingekuwa alama ya kisanduku kilichojaa rangi, ningeipa miraba 6 tu, au hata 5 na nusu.

Hatua ya 3: Jenga jani kwa maduara mawili

Ndege wa Twitter wa mwaka 2012 alijengwa kwa vipande vya maduara yaliyopishana, na tangu hapo kila mtu anataka kuonyesha maduara yake. Njia yenyewe ni nzuri kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mkunjo uliotoka kwenye duara hauna vinundu, na mchoraji mwingine anaweza kuurudia.

Chora duara lenye kipenyo cha pikseli 100. Ondoa mstari wa nje na ubakize rangi ya ndani tu, la sivyo unene wa mstari utaingia kwenye vipimo na hesabu zako zote zitaharibika. Linakili kwa Ctrl+D. Isogeze nakala kulia kwa pikseli 28 kamili, kwa kuandika namba kwenye kisanduku cha X badala ya kuvuta kwa kipanya. Weka mstari wa mwongozo wa mlalo unaopita kwenye vitovu vya maduara yote mawili, tutauhitaji. Kisha chagua maduara yote na ubonyeze Ctrl+*. Inabaki sehemu yalipopishana tu, na hilo ndilo jani lako: upana 72, kimo 96, miraba 6 kwa 8 bila desimali hata moja.

Namba 100 na 28 hazikutoka hewani. Ukijua upana na kimo unachotaka, gawanya kila kimoja kwa mbili (hapa 36 na 48), zidisha kila nusu kwa yenyewe, jumlisha, halafu gawanya kwa upana mzima: 1,296 na 2,304 ni 3,600, gawanya kwa 72 unapata 50. Hicho ndicho kipenyo nusu cha duara. Umbali wa kusogeza nakala ni kipenyo kizima ukitoa upana: 100 toa 72 ni 28. Hesabu hii inakupa jani lolote, liwe nene kama la mwembe wa kuchorwa au jembamba kama la mwanzi.

Sasa mshipa wa kati, mstari mweupe unaopanda kutoka chini hadi karibu na ncha ya juu. Mantiki ya gridi inasema uwe na pikseli 12, sawa na nguzo. Ujaribu, uutazame, halafu uupunguze hadi 10. Weupe uliozungukwa na rangi nzito huvimba machoni. Mstari mweupe wa 10 ndani ya jani jeusi na nguzo nyeusi ya 12 kwenye karatasi nyeupe vinaonekana sawa, ingawa rula inakataa. Chora mstatili wa 10 kwa 84, uweke katikati ya jani kuanzia chini, uchague pamoja na jani, kisha Ctrl na alama ya kutoa.

Utaona kimo cha jani sasa kinasoma 94.25 badala ya 96. Usishtuke wala usilivute lirudi. Mshipa umeikata ncha ya chini, kwa kuwa pale jani lilikuwa jembamba kuliko mshipa wenyewe. Ndiyo maana tuliweka ule mstari wa mwongozo: kuanzia sasa jani linapangwa kwa vitovu vya maduara, si kwa kisanduku ambacho programu hukionyesha kuzunguka umbo.

Hatua ya 4: Herufi

Ungeweza kuandika TAWI kwa fonti iliyopo, ukaivuta hadi nguzo ya I isome 12, na kuigeuza kuwa umbo kwa Ctrl+Shift+C. Kwa kazi ya haraka si dhambi. Ila herufi hizi nne zote ni mistari iliyonyooka, na mtu aliyezijenga mwenyewe mara moja anaanza kuziona fonti kwa macho mengine. Kwa hiyo zijenge.

I ni mstatili wa 12 kwa 60. Imekwisha.

T ina upana wa 48, miraba 4. Nguzo yake ni 12. Mkono wake wa juu usiwe 12, uwe 11. Mstari uliolala huonekana mnene kuliko uliosimama wa kipimo kilekile, na T yenye mkono wa 12 inaonekana kama inamwelemea mtu kichwani.

A ina upana wa 60. Kichwa chake kikate bapa, pikseli 14, ili kiguse mstari wa juu kwa nguvu sawa na T. Miguu yake imeinama, na hapa wanaoanza hukosea sana. Ukikata mwanzi ulioinama kwa msumeno ulio mlalo, uso wa mkato ni mpana kuliko unene wa mwanzi. Vivyo hivyo mguu wa A: ukitaka unene halisi wa 12, upana wake unapopimwa kwa mlalo uwe 13. Kipande cha kuunganisha miguu kiwe na unene wa 10, na ukingo wake wa chini ukae pikseli 13 juu ya mstari wa chini. Kikiwa katikati kabisa, kile kidirisha cha juu cha A kinakuwa kitundu ambacho wino utakiziba.

W ina upana wa 84, mistari minne, kila mmoja 12 kwa mlalo, kwa hiyo ni myembamba kidogo kuliko ya A. Ni makusudi. Mistari minne iliyobanana hutengeneza giza, na W yenye unene kamili huwa doa jeusi katikati ya neno. Ncha zake mbili za chini na ile ya katikati juu zikate bapa kwa pikseli 14.

Kumbuka: herufi zetu hazina mviringo. Jina lako likiwa na O, C, S, G au U, sehemu za mviringo lazima zivuke mstari wa gridi kidogo, pikseli 1 juu na 1 chini kwa kimo hiki cha 60. O iliyokaa ndani ya mistari sawasawa huonekana ndogo kuliko majirani zake. Hata kwenye nembo ya Google ya mwaka 2015 ile G ya rangi nne haifuati duara kamili, na aliyeichora hakukosea.

Hatua ya 5: Mapengo kati ya herufi

Hapa ndipo muda wako uende. Mwanafunzi akiniuliza nembo inahitaji saa ngapi, humwambia agawe kazi mara mbili, nusu nzima iwe ya mapengo.

Usipime umbali kutoka ukingo hadi ukingo. Fikiria unamimina mchele kati ya herufi mbili, kutoka mstari wa juu hadi wa chini, na kila pengo lipokee kiasi kilekile. Kati ya W na I mchele mwingi unaingia chini, ambako W imejikunyata. Kati ya A na W kuna mfereji ulioinama. Kati ya T na A kuna pango chini ya mkono wa T. Ukiziweka zote kwa umbali wa pikseli 12, neno litasomeka kama T A WI.

Anza na jozi ngumu kuliko zote, maana ndiyo inayoamua nyingine. Hapa ni TA. Sogeza A iingie chini ya mkono wa T hadi visanduku vyao vipishane kwa pikseli 11. Mguu wa A sasa uko pikseli 7 kutoka nguzo ya T, na ukijumlisha weupe wote kati yao unapata takriban pikseli za mraba 900. Hilo ndilo lengo letu. A na W zipishane kwa 5. W na I ziachane kwa 6. Kila pengo sasa lina mchele ule ule, karibu 900, japo namba za rula ni toa 11, toa 5 na jumlisha 6. Hakuna mraba wowote wa gridi ungekupa namba hizo, lakini bila gridi usingejua unalinganisha nini na nini.

Neno zima sasa lina upana wa pikseli 194. Liunganishe kwa Ctrl+G. Kisha ligeuze juu chini na ulitazame kama umbo, si kama neno. Jicho linalosoma husamehe mapengo mabaya. Jicho lisiloweza kusoma halisamehi. Weupe una nguvu hiyo. Mshale maarufu ulio kwenye nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, uliochorwa na Lindon Leader mwaka 1994, si wino hata kidogo: ni pengo kati ya E na x.

Hatua ya 6: Kukutanisha jani na neno

Weka neno kulia kwa jani. Mstari wa mwongozo uliopita kwenye vitovu vya maduara upite pia katikati ya kimo cha herufi, pikseli 30 kutoka chini. Jani litachomoza pikseli 18 juu ya herufi na kama 16 chini yake.

Gridi inakushawishi uache miraba 2, pikseli 24, kati ya jani na T. Ziache, ujionee. Jani litaonekana limefukuzwa. Sababu inapimika. Jani ni pana kabisa katikati, na hapohapo T imerudi nyuma kwa pikseli 18, kwa sababu nguzo yake iko ndani ya mkono. Juu, mkono wa T umejitokeza, lakini jani nalo limejikunja kwa pikseli 10. Kila upande unamkimbia mwenzake. Weupe wa wastani kati yao unafika pikseli 42.

Punguza pengo hadi 16. Wastani unashuka hadi karibu 34, zaidi ya mara mbili ya weupe wa pikseli 15 ulio kati ya herufi. Uwiano huo ndio ninaoutafuta. Pengo la alama na jina likilingana na pengo la herufi na herufi, jani linasomwa kama herufi ya tano. Likizidi mara tatu, vinakuwa vitu viwili vilivyokutana stendi.

Nembo nzima sasa ni pikseli 282 kwa upana: 72, 16 na 194.

Linganisha na uzito. Rangi ya jani baada ya kukata mshipa ina eneo la karibu pikseli za mraba 4,300, na herufi zote nne zina karibu 6,100. Jani ni bonge moja, kwa hiyo linavuta jicho kuliko namba inavyosema, herufi zimetawanyika. Eneo la alama likifika au kupita eneo la herufi katika mpangilio wa kando kwa kando, mara nyingi jina huzama. Si kanuni, ni kiasi nilichokizoea kwa kutazama kazi nyingi.

Kama jina lako ni la herufi ndogo

Majina kama nyuki, pwani au jiko yana mikia inayoshuka: y, p, j, g. Programu huhesabu mikia hiyo ndani ya kisanduku cha neno, kwa hiyo ukibonyeza amri ya kupanga katikati, neno hupanda juu bila sababu. Panga alama kwa kufuata katikati ya mwili wa herufi ndogo, yaani kimo cha u au i isiyo na nukta, na uache mikia ining'inie. Mkia mmoja ukiangukia karibu na alama, kama y ya nyuki, ongeza pengo kwa pikseli moja au mbili. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi: maneno yetu huishia na irabu. Kwa herufi ndogo, upande wa kulia wa jina karibu kila mara ni laini na mfupi, a au o au i, huku kushoto kukianza na konsonanti iliyosimama. Jina linaegemea kushoto hata kabla hujaongeza alama. Ndiyo maana alama iliyowekwa kushoto huhitaji kuwa nyepesi kidogo kuliko kwenye nembo za lugha zinazoishia na konsonanti.

Hatua ya 7: Zima gridi

Bonyeza #. Chapa nembo kwenye karatasi, ibandike ukutani, simama hatua tano nyuma na ufinye macho hadi vitu viwe ukungu. Unapaswa kuona mawingu mawili ya kijivu yenye giza linalokaribiana. Wingu moja likiwa jeusi zaidi, rudi ukarekebishe: mshipa wa jani, au W. Igeuze nembo kama kwenye kioo. Ilaze ubavu. Iache usiku kucha. Mabadiliko ya asubuhi huwa ya pikseli 1 au 2, na ndiyo bora kuliko yote.

Andika kila ulichobadilisha nje ya gridi. Yangu hapa ni mkono wa T 11, mshipa 10, pengo 16. Mteja akirudi mwaka ujao akitaka neno la pili, utajua sheria na utajua pia ulizivunja wapi.

Hatua ya 8: Toleo la wima na alama peke yake

Picha ya wasifu kwenye WhatsApp na Instagram hukatwa kuwa duara, na nembo ndefu ya 282 haiingii humo. Unahitaji jani juu, neno chini, na pia jani peke yake.

Kwa toleo la wima, kuza jani mara moja na nusu hadi miraba 9 kwa 12. Mshipa nao utakua hadi 15 na kuipita nguzo, kwa hiyo usiache hivyo. Uchore upya kwa 10 au 11. Hili ni kosa la kila siku: watu hukuza umbo pamoja na mistari yake ya ndani, na kipimo cha pamoja kilichotafutwa kwa siku nzima kinapotea kwa mbofyo mmoja. Kati ya ncha ya chini ya jani na herufi acha miraba 2. Ncha inasogea chini ikiwa nyembamba, hivyo pengo halitaonekana dogo.

Kisha katikati. Kwa rula, katikati ya neno ni pikseli 97. Lakini W nzito iko kulia, na ukipima uzito wa wino wenyewe, katikati yake iko karibu na 102. Jani likikaa kwenye 97 linaonekana limeteleza kushoto. Likikaa kwenye 102 ncha zote za neno zinakataa. Nimeliweka kwenye 99. Jaribu yako.

Kwa ikoni ndogo ya pikseli 16, chora jani upya kwa mkono, mshipa ukiwa pikseli 2 kamili.

Hatua ya 9: Nafasi ya pembeni na udogo wa mwisho

Tazama kanga. Ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lililoandikwa kwenye nafasi yake. Fundi aliyeipanga hakuruhusu ua la pindo liguse herufi za jina, na ndiyo maana methali inasomeka hata kanga ikiwa kiunoni. Nembo nayo inataka eneo lake. Kwa TAWI ni miraba 3, nusu ya upana wa jani, pande zote nne. Humo hakiingii namba ya simu, wala ukingo wa kibao, wala nembo ya mdhamini.

Udogo wa mwisho unaamuliwa na mstari mwembamba kuliko yote. Niliwahi kumchorea mfungashaji wa unga suke lenye mishipa saba. Kwenye skrini lilipendeza. Lilipochapwa kwenye mifuko ya salfeti wino ulitambaa kwenye nyuzi na kuziba mishipa yote, na mifuko yote ikatoka na bonge jeusi. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimepima. Sasa siruhusu mstari mweupe mwembamba kuliko milimita 1 kwenye salfeti. Mshipa wetu ni 10 kati ya 282, kwa hiyo upana mdogo unaokubalika ni milimita 28.2, nami naandika 30 kwa mteja. Chini ya hapo atumie toleo la jani lisilo na mshipa.

Andaa pia toleo jeupe juu ya rangi nzito, na ulipunguze unene kidogo, nusu pikseli hivi kila upande, kwa sababu ya kule kuvimba kwa weupe.

Hatua ya 10: Karatasi ya fundi

Pamoja na mafaili ya SVG na PDF, mpe mteja ukurasa mmoja wenye nembo ikiwa juu ya miraba yake, mistari yote ikionekana. Hautakuwa pambo. Nembo nyingi mitaani kwetu huishia mikononi mwa fundi wa mabango mwenye rangi, brashi na uzi uliopakwa chaki, na yeye hukuza mchoro kwa miraba kama tulivyofundishwa shuleni. Hesabu ya TAWI ni nyepesi: pikseli moja iwe sentimita moja. Kila mraba ukutani sentimita 12, herufi sentimita 60, jani sentimita 96, nembo nzima mita 2 na sentimita 82. Mwandikie pembeni, kwa herufi kubwa, zile namba ambazo miraba haitamwonyesha: mkono wa T sentimita 11, mshipa wa jani 10, kutoka jani hadi mkono wa T 16, A iingie chini ya T kwa 11, W iingie juu ya A kwa 5, I ikae 6 kutoka W.